Barua ya wazi kwa ofisi za umma Dodoma: picha iliyoko mtandaoni ina mwenyewe

Kwa: Maafisa Masuuli, Wakuu wa Vitengo vya Mawasiliano Serikalini na Wakuu wa Vitengo vya Ununuzi, ofisi za umma zilizoko Dodoma na mikoa ya kati

Kutoka: Wapiga picha, wahariri wa video na wasanifu wa matangazo, Dodoma

YAH: KUTUMIA PICHA, VIDEO NA MAANDISHI YA WANANCHI KUTOKA MITANDAO YA KIJAMII

Ndugu Viongozi,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mvua kubwa ikinyesha Dodoma na korongo likajaa, picha ya kwanza mara nyingi haitoki kwa mwandishi wa habari wala kwa afisa habari wa ofisi yoyote. Hutoka kwa mtu aliyekwama ng'ambo akisubiri maji yapungue. Ni hivyohivyo kwa treni ya SGR inapoingia stesheni jioni, kwa zabibu za Hombolo zinapovunwa, kwa akina mama wa Kigogo wanapopiga ngoma ya muheme. Mtu anapiga picha, anaiweka Instagram au kwenye status ya WhatsApp, na kesho yake iko kwenye ukurasa wa taasisi: jina la mpigaji limekatwa, nembo ya taasisi imekaa kona ya juu. Desemba inaonekana tena kwenye kalenda ya ukutani. Agosti inayofuata iko kwenye bango la banda, viwanja vya Nanenane pale Nzuguni. Chini yake, kama kumeandikwa chochote, ni "Picha kwa hisani ya mtandao".

Tunawaandikia ninyi kwanza kwa sababu Dodoma ndiko taarifa za serikali zinakotoka. Kinachofanywa na vitengo vya mawasiliano pale Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, huigwa na halmashauri, shule, vyuo na kampuni binafsi. Tunachoomba hakihitaji sheria mpya wala bajeti kubwa: kabla ya kutumia kazi ya mtu, mwombeni kwa maandishi, mtajeni jina, na pale matumizi yanapostahili malipo, mlipeni.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, ambayo sasa ni Sura ya 218, huilinda kazi tangu inapobuniwa. Haidai usajili, na haijali ubora wa kazi wala kusudi lake. Picha iliyopigwa kwa simu ya bei nafuu ina ulinzi uleule wa picha ya studio, mradi ni ubunifu wa mpigaji mwenyewe na haikunakiliwa kwa mwingine. Kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania Bara, kunasaidia penye ubishi, kwa kuwa kunaacha kumbukumbu ya nani alidai nini na lini, lakini asiyesajili hajapoteza haki yake. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu tarehe 25 Julai 1994, na mkataba huo unasema wazi kwamba haki ya mtunzi isitegemee kutimiza taratibu zozote. Ulinzi hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa ofisi za Muungano ni vizuri kukumbuka kuwa Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA.

Haki yenyewe ina mafungu mawili, na vitengo vingi vinalifahamu moja tu. La kwanza ni la kiuchumi: kunakili, kusambaza, kuonyesha kwa umma, kuigeuza kazi kuwa kitu kingine. La pili ni la kimaadili: mtunzi atambulike kuwa ndiye aliyeifanya kazi, na aweze kupinga kazi yake isikatwekatwe au kupotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima. Siku hizi simu nyingi zina kifutio kinachoondoa jina lililopigwa juu ya picha kwa mguso mmoja. Afisa anayekitumia amechukua kazi bila ruhusa, kisha akafuta ushahidi wa nani mwenye kazi. Hayo ni makosa mawili, na la pili ni gumu zaidi kulitetea, kwa sababu hakuna anayefuta jina kwa bahati mbaya.

Sheria pia ina mipaka, na ni haki yenu kuitumia. Habari zenyewe hazina mwenyewe. Maandishi ya sheria na hukumu za mahakama hayana hakimiliki. Wazo, hatua za kufanya jambo, njia ya kufikia kitu, navyo havilindwi. Mtu akiandika "Maji yamekatika Kisasa tangu jana", ofisi inaweza kusema kwa umma kwamba maji yamekatika Kisasa tangu jana bila kumwomba yeyote. Lakini mtu akiandika mfululizo wa machapisho kumi na tano akieleza kwa maneno yake, kwa mifano yake, namna ya kufuatilia hati ya kiwanja, maandishi yale ni kazi yake. Hatua anazozieleza mnaweza kuzieleza pia kwa maneno yenu. Aya zake hamwezi kuzihamishia kwenye kipeperushi chenu. Kunukuu nako kunaruhusiwa: sentensi mbili tatu za chapisho mnalolijibu au kulisahihisha, kwa kiasi kinachotosha lengo, pamoja na jina la mwandishi na mahali lilipotoka. Kalenda, bango na tangazo la zabuni haviingii kwenye kunukuu hata kidogo.

Hoja inayotolewa mara nyingi ni kwamba mwenye picha aliiweka wazi, basi ni ya wote. Shamba la zabibu lililo kando ya barabara ya Iringa pale Mpunguzi halina ukuta, na bado apitaye njiani haingii kuvuna kwa sababu tu ameyaona matunda. Masharti ya mitandao yenyewe yanasema hivyohivyo. Anayefungua akaunti Facebook au Instagram hubaki mwenye kazi yake. Anachotoa ni leseni kwa kampuni ya Meta ya kuihifadhi, kuionyesha na kuisambaza katika huduma zake bila kumlipa, na leseni hiyo hukoma kazi inapofutwa kwenye mifumo yao. X na YouTube nazo humwacha mtunzi na umiliki wake, na kuchukua leseni ya kuendeshea huduma zao. Mkataba ni wa watu wawili, mwenye akaunti na kampuni ya mtandao. Taasisi iliyopita na kupiga skrinshoti haimo.

Hoja hiyo imeshapelekwa mahakamani na ikashindwa. Tarehe 12 Januari 2010, tetemeko lilipoipiga Haiti, mpiga picha Daniel Morel alikuwa Port-au-Prince. Alizituma picha zake kwenye Twitter kupitia huduma ya TwitPic. Mtu mwingine akazinakili, akaziweka kwenye akaunti yake kana kwamba ni zake. Shirika la habari la Ufaransa, AFP, likazichukua kutoka kwa huyo wa pili, likaandika jina lake, na kampuni ya Getty Images ikazisambaza duniani. AFP ilijitetea kuwa masharti ya Twitter yaliwaruhusu wengine kuzitumia. Januari 2013 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliikataa hoja hiyo, na Novemba mwaka huohuo baraza la raia walioteuliwa kuamua kesi (jury) likaamuru Morel alipwe zaidi ya dola milioni 1.2 za Marekani. Angalieni kosa lilipoanzia. Shirika kubwa lenye wahariri wa kila aina lilitaja jina, tena kwa kujiamini, na jina lenyewe halikuwa la mpigaji. Kutaja jina bila kumtafuta mtu na kumuuliza kunaweza kumpa mwizi sifa.

Kesi ya pili inawahusu zaidi ninyi, maana mshtakiwa alikuwa serikali ya jimbo na chanzo kilikuwa shule. Mwanafunzi nchini Ujerumani alichukua picha ya mji wa Córdoba kwenye tovuti ya utalii, akaiweka kwenye kazi yake ya darasani na kuandika chini yake tovuti alikoitoa. Shule ikaipandisha kazi hiyo kwenye tovuti yake. Mpiga picha, Dirk Renckhoff, alikuwa ameiruhusu ile tovuti ya utalii peke yake. Tarehe 7 Agosti 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kuinakili picha na kuiweka upya kwenye tovuti nyingine kunahitaji ruhusa mpya, hata kama kule ilikotoka ilionekana na kila mtu bila kizuizi. Chanzo kilitajwa, hakuna aliyeuza kitu, lengo lilikuwa elimu, na bado ruhusa ilihitajika. Mahakama hiyohiyo, katika kesi ya Svensson ya mwaka 2014, ilikuwa imesema kuweka kiungo kinachompeleka msomaji kwenye kazi iliyoko wazi ni jambo jingine, halihitaji ruhusa. Hukumu hizi haziwafungi majaji wetu, lakini zinatokana na misingi ileile ya Berne tuliyoridhia, na zinatoa kanuni ambayo afisa habari anaweza kuitumia asubuhi ya kazi yenye haraka: elekeza, usinakili.

Kwa hiyo kitufe cha kushea kina tofauti kubwa na kupakua. Ukishea chapisho kwa kitufe cha mtandao wenyewe, jina la mwenye kazi linakwenda nalo, msomaji akigusa anafika kwake, na mwenyewe akilifuta au akiifunga akaunti, linatoweka na kwako. Amebaki na usukani. Ukipakua na kupandisha upya kwenye akaunti yako, vyote vitatu vimekatika, na wafuasi, maoni na sifa vimehamia kwako. Hata ufanyeje umtagi, hujarudisha kilichochukuliwa. Programu za kuriposti zinazopakua picha na kubandika jina pembeni ni kupakua kulekule. Tahadhari moja: Marekani bado mahakama zinatofautiana kuhusu kupachika chapisho la mtu ndani ya tovuti yako kwa msimbo wa Instagram au X, kwa hiyo kwa tovuti rasmi za taasisi ni salama zaidi kuweka kiungo cha kawaida, au kuomba.

Na kuna hasara ya kiufundi ambayo wasanifu wa mabango wanaijua vizuri. Picha inayopita WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa hadi takriban pikseli 1,600 upande mrefu, na taarifa zilizofichwa ndani ya faili, yaani tarehe, aina ya kamera, jina la mpigaji kama aliliandika, hufutwa. Instagram huonyesha picha kwa upana wa pikseli 1,080. Kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi, pikseli 1,080 zinatosha upana wa sentimita 9 tu. Ukurasa wa A4 unahitaji pikseli 2,480 kwa 3,508. Bango la mita 3, hata likichapwa kwa nukta 72 kwa inchi kwa sababu linatazamwa kwa mbali, linahitaji pikseli zipatazo 8,500. Ndiyo maana mabango mengi yana nyuso zenye ukungu na miraba, na mchapaji hulaumiwa bure. Faili zima analo mtu mmoja tu, mpigaji, na atalituma vizuri akiombwa: kwa barua pepe, au kwa WhatsApp kama hati badala ya kama picha.

Sasa namna ya kumpata. Picha ikiingia kwenye kundi la WhatsApp la ofisi bila jina, anzeni kwa Google Lens, kisha TinEye, huduma zinazotafuta mtandaoni kwa kutumia picha yenyewe; TinEye inaweza kupanga matokeo kuanzia ya zamani zaidi. Msiridhike na akaunti ya kwanza inayotokea. Aliyetangulia kuipandisha si lazima awe mpigaji, kama Haiti ilivyoonyesha. Tazameni kama akaunti hiyo ina picha nyingine za mahali palepale siku ileile, kwa pembe tofauti. Mpigaji wa kweli karibu kila mara ana zilizotangulia na zilizofuata. Muulizeni moja kwa moja kama aliipiga mwenyewe, na mwombeni faili halisi. Asiye nalo atatuma skrinshoti, na mtaiona kwa ukubwa wake. Mkikosa mwenyewe baada ya kutafuta, picha isitumike. Wakaguzi wa hesabu hawakubali maelezo ya "tulitafuta risiti hatukuiona", na hapa pia kutafuta hakuzai haki.

Ombi lenyewe halizidi dakika tano kuliandika. Tunapendekeza maneno haya, myatumie mtakavyo:

"Habari. Mimi ni afisa habari wa (taasisi), namba ya ofisi ni (…). Tunaomba ruhusa ya kutumia picha uliyoiweka Instagram tarehe (…), kiungo hiki (…). Tutaitumia kwenye kurasa zetu za Facebook na Instagram, na kwenye kalenda ya mwaka ujao, nakala 500. Hatutabadilisha rangi wala kuondoa kitu ndani yake. Tutaikata pembeni ili ienee kwenye ukurasa, na tutakuonyesha kabla ya kuchapa. Malipo ni shilingi (…). Tuandike jina gani chini ya picha? Je, uliipiga mwenyewe? Kama unakubali, jibu kwa jina lako kamili na neno NAKUBALI, kisha utume faili halisi kwa barua pepe ya ofisi (…)."

Kila kipengele hapo kina sababu. Bila kiungo, ubishi utakuwa kuhusu picha ipi. Bila idadi na aina ya matumizi, ruhusa ya ukurasa wa Facebook itanyooshwa hadi bango, shajara na fulana. Bila swali la nani alipiga, mnaweza kumlipa asiyehusika. Bila kusema kuhusu kukata na kubadilisha, msanifu ataondoa watu wawili walioko pembeni na picha itasema kitu ambacho haikusema. Na ombeni kwa akaunti rasmi au barua pepe ya ofisi, maana matapeli wanaojifanya taasisi wapo, na mwananchi mwenye akili hatajibu namba asiyoijua.

Lililozoeleka ni kuandika "Tunaomba kutumia" kwenye maoni chini ya chapisho, mwenyewe akajibu kwa alama ya kidole gumba, na kazi ikaendelea. Jibu hilo halisemi kutumia wapi, kwa muda gani, wala nani ndani ya taasisi amelipokea. Maoni yanafutika. Mwaka ukiisha hakuna anayekumbuka.

Kwa sababu hiyo tunasisitiza rejesta kuliko kitu kingine chochote kwenye barua hii. Afisa habari huhamishwa. Anayempokea hukuta kwenye kompyuta folda iitwayo "Picha nzuri", mafaili mia kadhaa yenye majina kama IMG-WA na namba, mengine yamepigwa na ofisi, mengine yameokotwa, na hakuna anayejua lipi ni lipi. Kalenda inahitajika Ijumaa. Anachagua inayopendeza. Kosa hilo halifanywi na mtu mbaya. Linafanywa na jalada bovu. Jedwali moja la kompyuta linatosha: namba ya picha, kiungo, mpigaji, tarehe ya ruhusa, matumizi yaliyoruhusiwa, mwisho wa ruhusa, na jalada lilikohifadhiwa jibu lake. Faili nalo lipewe jina linalobeba habari: mahali, kitu, mpigaji, mwisho wa ruhusa. Picha zisizo na mstari kwenye jedwali zihamishiwe folda nyingine yenye neno ZISITUMIKE, na siku ya makabidhiano jedwali lisainiwe kama vifaa vingine vya ofisi.

Kuhusu malipo, tunajua fedha ya umma haitoki bila karatasi, na hatuombi itoke hivyo. Matumizi ya mara moja kwenye ukurasa wa mtandao, kwa jambo la dharura au la huduma kwa jamii, wengi watayaruhusu bure wakiombwa na kutajwa. Kalenda, mabango, vitabu vya mwaka na matangazo ya televisheni vilipiwe. Mwambieni mpigaji mapema anachotakiwa kuleta: TIN, ankara, namba ya akaunti. TIN hutolewa bure na TRA, na kijana asiye nayo ataipata akielekezwa. Mwelezeni pia kodi ya zuio itakayokatwa, ili asidhani amepunjwa. Dokezo la kuomba fedha za kalenda liwe na mstari wa haki za picha, pembeni ya karatasi na uchapaji. Kwa sasa mstari huo haupo kwenye madokezo mengi, ndiyo sababu afisa mwenye nia njema naye hukwama.

Wakuu wa ununuzi, sehemu kubwa ya tatizo inapita mikononi mwenu bila kuonekana. Taasisi inatangaza kazi ya uchapaji kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni, mzabuni anashinda kwa bei ya chini, naye anakwenda Google kutafuta "Dodoma" na kuchukua picha zinazotokea. Google haina picha hizo, inaonyesha zilipo. Zikichapwa, aliyezitoa kwa umma ni taasisi, na nembo iliyo juu ni ya taasisi. Tunaomba masharti ya zabuni yabebe maneno kama haya: "Mzabuni atawasilisha orodha ya picha, michoro na muziki uliotumika, pamoja na ushahidi wa maandishi wa ruhusa au leseni ya kila kimoja, kabla ya kuidhinishiwa nakala ya mwisho ya uchapaji. Madai yoyote ya mwenye haki yatabebwa na mzabuni." Na kweli idaiwe orodha hiyo. Picha zenye leseni huria za Creative Commons zinaweza kuokoa gharama, lakini zisomwe masharti: ya kutaja jina inataka mtajwe mtunzi, leseni na mabadiliko yaliyofanywa, yenye sharti la kutobadilisha haikubali kukatwa na kuunganishwa na picha nyingine.

Watu walio ndani ya picha ni suala jingine, na mpigaji hawezi kulimaliza kwa niaba yao. Yeye anatoa ruhusa ya kazi yake; sura ni ya mwenye sura. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, imeanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023. Umati viwanjani haulingani na mama mmoja anayenyonyesha kwenye foleni ya kliniki. Picha za wagonjwa, za wanafunzi, za watu waliokumbwa na mafuriko wakiwa nusu uchi, zisichukuliwe mtandaoni kabisa kwa ajili ya matangazo. Kwa mtoto, ruhusa ni ya mzazi au mlezi, kwa maandishi.

Muziki unaowekwa chini ya video za taasisi nao una wenyewe. Maktaba ya nyimbo ya Instagram kwa akaunti za kibiashara ni finyu kuliko ya akaunti binafsi, na wimbo unaosikika kwenye video ya rafiki yako haumaanishi taasisi imeruhusiwa kuutumia kutangaza huduma zake. YouTube ina mfumo wa Content ID unaotambua sauti yenyewe, hata sekunde chache. Ngoma za Kigogo zikirekodiwa kwenye sherehe, wachezaji na waimbaji wana hakishiriki, yaani haki ya mtumbuizaji, katika uchezaji wao. Kiongozi wa kikundi aulizwe kama anavyoulizwa msanii wa Bongo Fleva.

Kisha inatokea kwamba kosa limefanyika na mwenyewe amejitokeza. Namna ofisi inavyompokea ndiyo inayoamua kama jambo litaisha kwa ujumbe mmoja au litafika mbali. Lificheni chapisho siku hiyohiyo, msilifute kabla ya kuhifadhi nakala, maana takwimu za waliolitazama zitasaidia kukubaliana. Mwombeni faili halisi kama uthibitisho. Akithibitisha, mjibuni kwa maandishi: mnaliondoa, au mnalirudisha kwa jina lake na malipo mliyokubaliana. Kama kalenda zimeshasambazwa haziwezi kukusanywa, lakini malipo na masahihisho kwenye kurasa zenu yanawezekana. Asijibiwe kwa vitisho, na asiambiwe ajivunie kwamba serikali imetumia picha yake. Wananchi wengi wanaogopa kuidai ofisi ya umma. Ukimya wao usihesabiwe kuwa ruhusa.

Asiyesikilizwa anazo njia, nanyi mzijue. Kwenye Facebook na Instagram kuna fomu ya kuripoti ukiukaji wa hakimiliki, inayojazwa na mwenye haki au mwakilishi wake tu: jina kamili, mawasiliano, kiungo cha kazi yake, kiungo cha iliyonakiliwa, na tamko kwamba anayosema ni kweli. Anayeijaza afahamu kuwa jina na barua pepe yake vinaweza kupelekwa kwa anayelalamikiwa, kwa hiyo atumie barua pepe ya kazi, na kabla ya kuripoti apige skrinshoti ya ukurasa mzima yenye anwani na tarehe. Kwa YouTube, maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga chaneli nzima, na video zote zilizomo zikaondolewa. Taasisi iliyoweka humo mikutano yake yote na waandishi wa habari ina cha kupoteza. Aliyeripotiwa kimakosa anaweza kupinga; mlalamikaji ana siku 10 za kazi kuonyesha amekwenda mahakamani, la sivyo video hurudi. Nyumbani kuna COSOTA na mahakama, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo ina kifungu kinachohusu kukiuka haki miliki kwa kutumia mfumo wa kompyuta.

Tunaomba basi mambo haya yafanyike kabla zabuni za kalenda na shajara za mwaka ujao hazijatangazwa. Kila kitengo cha mawasiliano kiteue afisa mmoja wa ruhusa, na namba ya ofisi na barua pepe yake viandikwe kwenye maelezo ya kurasa zenu zote. Folda za picha zipitiwe na jedwali lianzishwe, hata likianza na picha ishirini. Machapisho yaliyopo yenye "kwa hisani ya mtandao" yatafutiwe wenyewe, na wasipopatikana yaondolewe. Kifungu cha haki za picha kiingie kwenye masharti ya zabuni. Na picha zinazopigwa na maafisa habari wenu wenyewe nazo ziandikwe majina yao, kwa kuwa nao ni wapiga picha.

Fomu ya ruhusa ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, tumeiandaa na tutaikabidhi masijala ya kila ofisi itakayokubali kuipokea. Maafisa habari wakihitaji kuelekezwa namna ya kupanga jedwali na kukagua mafaili, tutakuja ofisini siku watakayoipanga, bila malipo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wapiga picha, wahariri wa video na wasanifu wa matangazo
Dodoma